Siku Tuliporudisha Maji kwenye Mfereji wa Zamani

Maji yalipoingia kwenye mfereji mpya kwa mara ya kwanza, baba yangu alivua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akaingia ndani na kutembea nayo. Watu walikimbia kandokando wakipiga vigelegele. Watoto wa shule waliimba mpaka sauti zikawakauka. Mfereji ulikuwa umenyooka hasa. Ulianzia kwenye banio la saruji, ukuta wa kuzuia na kugeuza maji, huko juu mtoni, ukateremka moja kwa moja hadi shamba la kijiji, na maji yalifika shambani jua likiwa bado halijawa kali. Kwenye mfereji wa zamani yalichukua kutwa nzima kufika, na mengi hayakufika.

Baba alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Sisi ni watu wa milimani, upande wa Mamboya, watu wa kanisa na shule ya misheni. Mfereji wa zamani ulichimbwa na babu zetu kwa majembe. Ulizunguka kilima bila haraka, ukipita nyuma ya nyumba za watu na kukwepa kila mwamba. Baba alipokuwa kijana alikwenda kufanya kibarua cha barabara huko Mikumi, na huko alijifunza kutumia kamba na pimamaji. Aliporudi, kila kitu kilichopinda kilimkera. Nyumba yetu ilikuwa na kuta zilizonyooka kuliko za jirani yeyote, na hata matuta ya viazi ya mama aliyapanga upya, mama akiwa amesimama pembeni mikono kiunoni.

Kwa hiyo miaka ile ya vijiji vya ujamaa, iliposikika kwamba wilaya inaweza kutoa saruji na fundi ikiwa wananchi watatoa nguvu zao, baba alikuwa wa kwanza kwenda Kilosa kuomba. Akapewa. Fundi wa maji alikuja, kijana mpole wa pale Kilosa mjini, akakaa kwetu miezi ya mwanzo ya kiangazi. Alitembea na baba kwenye mfereji wa zamani kuanzia mwanzo hadi mwisho, akitikisa kichwa.

"Mzee, huu unavuja kila mahali," alisema. "Nusu ya maji yenu inapotelea ardhini."

"Ndiyo maana nilikuja kukuita," baba akajibu.

Tulichimba sote. Mimi mwenyewe nilibeba mawe kwa karai kichwani, na bado nina alama kwenye shingo. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule karibuni na kupewa kazi ya kufundisha elimu ya watu wazima, lakini siku za kuchimba hakukuwa na mwalimu wala mwanafunzi. Mfereji ulipokamilika, mdomo wa ule wa zamani ulizibwa kwa udongo na mawe, na maji yote yakaelekezwa kwenye ule mpya. Fundi alirudi Kilosa akiwa amefungiwa jogoo na wanawake wa kijiji.

Na mfereji ulifanya kazi. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu waliosimuliwa habari hii walidhani ulibomoka au ulipasuka. Haukubomoka. Shamba la kijiji lilipata maharage wakati wa kiangazi, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Watu walitoka Lumuma kuja kuutazama. Kaka yangu, aliyekuwa ameoa mwaka huo, alifyeka kipande cha ardhi kando ya mfereji mpya, akapanda vitunguu pamoja na mkewe. Baba ndiye aliyemshauri. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye kazi za kijiji, wawili hao walikuwa wameinama kwenye vitunguu vyao, wakipalilia na kucheka.

Darasa langu lilikuwa bondeni. Huko, chini ya kilima, ndiko familia zilizotoka uwanda wa Msowero zilikopewa viwanja wakati wa kuhamia vijijini. Walikuwa wakulima wa mpunga, wengi wao Waislamu, na sisi wa juu tuliwaita wageni ingawa walishavuna zaidi ya mara moja katika ardhi ile. Tulisomea kwenye banda la nyasi, alasiri, wanawake wakishamaliza kazi za mchana. Wanawake hao walipenda kusoma. Walinipigia kelele nikichelewa.

Halafu wakaanza kupungua. Mara wakosekane wawili, mara watano. Alasiri moja nilikuta amekuja mmoja tu, mama mmoja wa umri wa mama yangu, mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote na mbishi kuliko wote. Alikuwa amekaa peke yake, kitabu mapajani.

"Shikamoo, mama. Leo nafundisha mikeka mitupu?"

"Marahaba, mwalimu. Wenzangu wamekwenda mtoni."

"Mtoni? Saa hizi?"

"Ukienda mchana unarudi magharibi. Mimi leo kaenda mkwe wangu, ndiyo maana umenikuta."

"Na kisima?"

Alinitazama kama anayepima iwapo nastahili jibu. Kisha akafunga kitabu. "Njoo uone."

Kisima cha bondeni kilikuwa chini ya mkuyu, kimezungushiwa mawe, na nilikifahamu kama mahali pa kelele na ndoo. Siku ile palikuwa kimya. Ndani mlikuwa na tope lililopasukapasuka na chura mmoja. Kata ya kuchotea ilikuwa imepinduliwa juu ya jiwe.

"Tangu lini?"

"Kilianza kupungua wiki chache baada ya sherehe yenu ya mfereji. Kwanza tulichota kwa kusubiri. Baadaye tukawa tunachota tope na kuliacha lituame. Sasa hata tope limekauka."

"Mbona hamkusema?"

"Tumwambie nani, mwanangu? Mwenyekiti ana furaha. Kijiji kizima kina furaha. Sisi tumekuja juzi. Tukisema kisima kimekauka, wataambiana tumekuja na mkosi."

Sikufundisha siku hiyo. Nilipanda kilima nikiwa na uchungu ambao sikujua niuelekeze kwa nani, na wakati wa kula nikamweleza baba. Alisikiliza huku akiendelea kumega ugali.

"Ni kiangazi," akasema. "Visima hukauka kiangazi."

"Wao wanasema kimeanza kupungua baada ya mfereji."

"Wao hawajui kisima kile. Wamekikuta."

Hapo mama akazungumza. Alisema kwa Kikaguru, lugha aliyoitumia alipotaka baba asimkwepe. Alisema yeye amezaliwa kwenye kilima kile, amechota pale akiwa binti, na hata mwaka ule wa njaa kisima hakikukauka. Kisha akainuka kwenda kuchukua mboga, kama mtu aliyetaja habari ya kawaida. Baba hakuongeza tonge. Alinawa mikono.

Asubuhi alishuka bondeni nami nikamfuata. Alisalimiana na yule mama, akainama kisimani, akatia mkono hadi kwenye bega, akautoa ukiwa na vumbi. Akaanza kupanda kilima kutoka pale pale kisimani, akipita kwenye magugu, bila kufuata njia. Tulifika kwenye kona ya mfereji wa zamani, ile kona kubwa iliyozunguka mwamba. Pale palikuwa pakiota magimbi yenyewe bila kupandwa, majani mapana kama miavuli. Sasa yalikuwa yamelala chini, ya manjano.

Baba alikaa ukingoni mwa mfereji mkavu.

"Nilikuwa nayaita maji yanayopotea," akasema. "Kumbe yalikuwa yanashuka kwa hawa." Akakunja uso. "Au labda mambo mawili yametokea wakati mmoja tu. Sijui. Kuna njia moja ya kujua, nayo siipendi."

Aliitisha halmashauri ya kijiji, akasema maji yarudishwe kwenye mfereji wa zamani na mpya ufungwe, maana kiangazi mto hautoshi miwili. Nilikuwepo kwa sababu mwalimu wa watu wazima alikuwa akiandika yanayosemwa, na ninakumbuka ulivyozuka ugomvi. Mzee mmoja alisema tuwachimbie wageni kisima kingine. Mwingine akauliza tutachimba wapi, wakati hata hiki hatukujua kinapata maji wapi. Kaka yangu alisimama, ijapokuwa hakuwa mjumbe.

"Baba, vitunguu vyangu vinahitaji wiki chache tu."

"Najua."

"Wewe ndiye uliyeniambia nipande pale."

"Najua, mwanangu."

"Basi subiri nivune."

"Na wale kina mama wasubirie wapi?"

Kaka alitoka nje. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimfuata bila kututazama. Wajumbe wakashauriana, na mwisho wakasema jambo ambalo baba alilitegemea: mfereji ni wa wilaya pia, saruji ni ya wilaya, na wageni kutoka mkoani wanatarajiwa kuja kuutazama. Hauwezi kufungwa kabla ya kuwaambia Kilosa.

Tukaenda Kilosa, mimi na baba, juu ya lori la mahindi. Baba alivaa koti lake la kanisani, na tulipofika lilikuwa jeupe kwa vumbi hata nikaona aibu kwa niaba yake. Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini. Alimwita fundi naye aje asikilize. Baba alieleza yote akiwa amesimama, ingawa kiti kilikuwepo.

"Ndugu mwenyekiti," ofisa alisema, "mradi ukiharibika tunautengeneza. Mradi ukikwama tunausukuma. Lakini mradi uliofaulu! Unaurudishaje nyuma mradi uliofaulu?"

"Umefaulu shambani. Kisimani umeshindwa. Na shamba na kisima ni vya kijiji kimoja."

"Wageni wa mkoani nitawaambia nini?"

"Waambie waje. Nitawaeleza mimi."

Ofisa alimgeukia fundi. Nilidhani kijana yule atatafuta pa kujificha, lakini alijibu pale pale. "Mimi ndiye niliyesema maji yale yanapotea. Nilipima mteremko, nikapima kasi ya maji. Bondeni sikushuka. Mzee anaweza kuwa sahihi."

"Anaweza. Na kama si sahihi? Mkarudisha maji, na kisima kisijae?"

"Tutafungua mpya siku hiyo hiyo," baba akasema. "Hatuvunji kitu. Banio linabaki, mfereji unabaki. Tunateremsha ubao kwenye mlango wa maji, basi. Ukiunyanyua, maji yanarudi."

Ofisa alichezea kalamu yake. Nje mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki bila mafanikio, nasi sote tukawa tunamsikiliza. Pikipiki ilipowaka, ofisa akacheka, sijui kwa nini, akasema, "Nendeni mkajaribu. Fundi, panda nao lori."

Kufunga mfereji mpya kulikuwa rahisi kama baba alivyosema. Ubao uliteremka kwenye mifuo yake ya saruji na maji yakakatika. Kazi ilikuwa kwenye ule wa zamani. Kwa kipindi kile kifupi watu walikuwa wameshazoea kuwa haupo. Mmoja alipanda maboga ndani yake. Mwingine alijenga banda la kuku katikati kabisa, na alitusihi tupitishe maji pembeni. Panya walikuwa wamechimba kuta, na udongo ulikuwa na nyufa za kuingia mkono. Tulihamisha kuku, tukang'oa maboga, tukafungua mdomo, na maji yakaingia. Wanawake wa juu walijaribu vigelegele kidogo. Maji yalitembea hadi nyumba ya tatu au ya nne, yakazama kwenye nyufa, yakaishia hapo.

Siku ya pili hali ikawa ile ile. Shamba la kijiji halikupata maji, na bondeni hayakufika. Niliwasikia watu wakinong'ona kuhusu baba, na si kwa sauti ya chini sana. Yeye alizunguka na pimamaji yake, akiiweka hapa na pale, na safari hii haikumsaidia.

Ndipo watu wa bondeni walipopanda kilima. Walikuja wanaume kwa wanawake, na yule mama mbishi mbele, khanga imefungwa kiunoni. Alisimama juu ya ukingo akautazama mfereji.

"Mwenyekiti, hapa mnamwaga maji kwenye ungo," alisema. "Kwetu, kingo za majaruba ya mpunga tunazikanyaga kwanza. Tope zito, watu wengi, miguu mitupu. Ruhusu tukanyage."

"Karibuni," baba alisema. Kwa mara ya pili nikamwona anavua viatu.

Tulileta udongo wa mfinyanzi kutoka kando ya mto, tukaumwaga kwenye mfereji, tukaulowesha na kuukanyaga. Tulishikana mabega, mtu wa juu na mtu wa bondeni, maana tope lile huteleza vibaya. Fundi alianguka chali na wanawake wakamtania kwamba sasa amepima mteremko kwa mgongo. Mama yangu alipika uji kwenye sufuria kubwa ya kanisa. Waliokuwa hawajawahi kunywa kwenye vikombe vyetu siku ile walikunywa. Tulipofika kwenye ile kona ya mwamba, ilikuwa zamu ya kulisiliba eneo lile pia, na baba akainua mkono.

"Hapa acheni," akasema. "Hapa paacheni pavuje."

Maji yakapita. Yalifika shambani yakiwa machache na yamechoka, lakini yalifika. Kisima hakikujaa. Siku zikapita na tope likabaki kavu. Kaka hakuja kula nyumbani. Nilimwona na mkewe wakibeba ndoo kutoka mtoni kumwagilia vitunguu, mistari ya mwisho ikiwa imeshanyauka, nikaenda kuwasaidia. Hakunifukuza, ila hakusema nami. Baba alikuwa akishuka kisimani kila asubuhi, akitia mkono na kuutoa mkavu. Nadhani alianza kujiandaa kunyanyua ule ubao. Fundi alimshauri asubiri kidogo. Ardhi iliyokauka, alisema, hunywa kwanza yenyewe.

Alasiri moja nilikuwa bandani naandika ubaoni. Nilisikia kicheko nyuma yangu, nikageuka. Wanawake walikuwa wanakuja, wengi, wote kwa pamoja, na yule mama alikuwa amebeba kata kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Mwalimu, onja."

Yalikuwa maji yenye rangi ya chai ya maziwa, yenye ladha ya udongo. Niliyanywa yote. Tulikwenda kisimani mbio, na mimi mbele. Mawe ya upande wa kilima yalikuwa yanatoka jasho. Matone yalikusanyika kwenye nyufa, yakateremka polepole, na chini palikuwa na dimbwi lisilozidi beseni. Baba alikuwa ameshafika. Alikuwa amepiga magoti, anatazama, na alipoinua uso ulikuwa umelowa machozi, wala hakujali nani anamwona.

Wageni wa mkoani walikuja na magari yao, wakakuta mfereji mzuri wa saruji usio na maji. Sitasema walifurahi. Mmoja wao aliuliza swali lile lile la ofisa wa Kilosa, na baba akawaongoza kwa miguu kutoka banioni hadi kwenye kona ya mwamba, na kutoka hapo hadi kisimani, ambako dimbwi lilikuwa limefika kwenye magoti ya mtu mzima. Yule mama aliwachotea maji. Aliwaeleza mwenyewe, bila woga, wiki zote za kutembea mtoni. Mkubwa wao alimsikiliza hadi mwisho. Akauliza kama mto ukijaa mifereji yote miwili inaweza kupata maji. Fundi alisema inaweza. "Basi mtapanga wenyewe," mkubwa akasema, akaomba kata nyingine.

Tulipanga. Iliundwa kamati ya maji, na yule mama wa bondeni akachaguliwa kuwa mjumbe, wa kwanza kutoka upande wao. Mvua zikiwa nzuri, milango yote miwili ilifunguliwa. Mto ukipungua, ubao uliteremshwa kwenye mpya, na maji yakazunguka kilima. Shamba la kijiji lilipata maharage machache kuliko yale ya mwanzo, lakini lilipata kila mwaka. Kona ya mwamba ilirudi kijani.

Kaka alipoteza zaidi ya nusu ya vitunguu vyake. Ile sehemu iliyopona, ambayo wanawake wa bondeni walisaidia kuimwagilia siku za mwisho bila kuombwa, aliivuna na mkewe, wakajaza kapu. Alikuja nalo nyumbani jioni, akaliweka miguuni kwa baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

Baba alisogea kwenye mkeka kumpa nafasi, na mama akaleta maji ya kunawa. Hawakuzungumzia mfereji. Walizungumza kuhusu kipande cha ardhi chini ya kisima, ambacho watu wa bondeni walikuwa tayari kumpa kaka alime vitunguu msimu unaofuata, na baba akauliza kama udongo wa kule ni mweusi au mwekundu.